Samadi ya Serikali

Hadithi hii si ya kwetu. Naomba lieleweke hilo mapema, kabla mtu hajaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Ni ya nchi ya mbali iitwayo Makofini, ng'ambo ya milima, na ukishaivuka milima unaendelea kwenda. Kwetu sisi, namshukuru Mungu, viongozi wana akili zao timamu na mito inapita palepale ilipowekwa na Mola.

Mtawala wa Makofini alikuwa akiitwa Mtukufu Jabari. Jino lilipomsumbua alipanda ndege akaenda kung'olewa Ulaya, maana hospitali za Makofini alizijenga yeye mwenyewe, kwa hiyo alizijua vizuri. Sasa, akiwa amekaa anangojea zamu yake, akaona kitabu juu ya meza. Kilikuwa kitabu cha watoto, chenye picha kubwa na maneno machache, habari za mashujaa wa Wagiriki wa kale. Mlikuwa na Perseo, aliyemkata kichwa mwanamke mwenye nywele za nyoka, ambaye ukimtazama tu unageuka jiwe. Mlikuwa na Theseo, aliyeingia kwenye jumba la vichochoro visivyo na mwisho akamuua mtu mwenye kichwa cha fahali, kisha akatoka kwa kufuata uzi. Na aliyewapita wote alikuwa Herakle, pande la mtu, mvaa ngozi ya simba, ambaye kila alipopewa kazi isiyowezekana aliifanya akapewa nyingine. Mtukufu alisoma mpaka akasahau jino. Alipoitwa ndani, kitabu akakitia kwenye begi. Kuiba ni neno zito kwa mkuu wa nchi, tuseme alikitaifisha.

Alipotua nyumbani, shavu bado limevimba, aliwakuta mawaziri wamepanga mstari uwanja wa ndege kama ilivyo desturi, akawauliza palepale:

"Hawa Wagiriki wametushinda kitu gani?"

Mawaziri wakatazamana. Wengine walidhani ni mpira.

"Wametushinda mashujaa," akasema Mtukufu. "Wao wana Herakle. Sisi tuna nani?"

"Wewe, Mtukufu!" wakaitika kwa pamoja. Waziri wa Maji alichelewa kidogo kuitika kwa kuwa alikuwa na kikohozi, na ilipofika jioni hakuwa waziri tena.

Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Ushujaa. Katibu Mkuu wake aliteuliwa Bwana Masudi Kirobo, na huyu ndiye tutakayefuatana naye, kwa hiyo mtazameni vizuri. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, msafi, mwenye leso mfukoni siku zote. Alianza maisha kama mwalimu wa shule ya msingi, tena mwalimu mzuri. Kilichomtoa darasani ni kipaji kimoja: alijua kucheka kabla mkubwa hajamaliza kichekesho chake, na hakuwahi kukosea mahali pa kuanzia. Mama yake, Bi Mwanahija, mkulima wa mchicha na bamia bondeni Kwamchanga, aliwaambia majirani kwamba mwanawe anafanya kazi serikalini. Wakimuuliza kazi gani hasa, alibadilisha mazungumzo.

*

Jambo la kwanza la Wizara lilikuwa kumrudisha Herakle nyumbani. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu, ambaye alikuwa anatamani gari kwa muda mrefu, alijitolea kuthibitisha kwamba Herakle hakuwa Mgiriki hata kidogo.

"Alimuua simba," alisema Profesa redioni, kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Sasa ninyi wananchi niambieni, Ugiriki kuna simba? Hakuna! Na simba wako wapi? Jibu mnalo wenyewe."

Kwa hoja hiyo Herakle akawa mzaliwa wa kijiji cha Mtukufu, tena ndugu yake upande wa mjomba, na Profesa akapata gari.

Ikafuata kazi ya simba. Makofini ilikuwa na simba mmoja katika bustani ya wanyama, lakini nyama ya kumlisha ilikuwa inaliwa na wakubwa wa bustani, na asubuhi ya pambano alikutwa amekufa kwa njaa. Hilo halikuzuia kitu. Mtukufu alimkaba shingo mbele ya kamera mpaka yeye mwenyewe akaanza kutweta, na gazeti la serikali likaandika kwamba simba alifariki kwa hofu alipouona uso wa mpinzani wake. Ngozi ilishonwa na fundi wa suti wa Ikulu, ambaye aliitia bitana na mfuko wa kalamu.

Kazi ya Theseo ilifanyikia Wizara ya Ardhi, kwenye vichochoro ambamo wananchi waliofuata hati za viwanja waliingia wakiwa vijana. Mtukufu aliingia kwa mlango wa mbele na uzi mkononi, akatokea mlango wa nyuma na kichwa cha fahali kutoka bucha la jirani. Wananchi waliokuwa ndani wangali mlemle. Ile kazi ya Perseo ilipitishwa bila kufanyiwa majaribio: Baraza la Mawaziri lilikiri kwa kauli moja kwamba kila Mtukufu anapowatazama wao hugeuka mawe, na wamekuwa hivyo miaka yote.

Mpaka hapo Kirobo alikuwa anakula vizuri na kulala vizuri. Kisha Mtukufu akafungua ukurasa wa zizi.

*

Kitabuni palikuwa na mfalme aitwaye Augea, mwenye ng'ombe wasio na idadi na zizi ambalo halikupata kuzolewa samadi miaka nenda miaka rudi. Herakle akaigeuza mito miwili ipitie humo zizini, na maji yakazoa kila kitu siku moja. Mtukufu aliitazama picha hiyo kwa muda. Kila aliyekuwapo alijua anawaza nini, kwa sababu Makofini ilikuwa na Ranchi ya Taifa, na zizi la Ranchi ya Taifa halikuoshwa tangu siku bendera ilipopandishwa. Samadi ilikuwa imefika madirishani. Ng'ombe walikuwa wanakwaruza migongo kwenye dari.

"Mto Mwende tutaufungia juu kilimani," akasema Mtukufu. "Siku ya Uhuru nitakata kamba, maji yateremke, yaoshe zizi. Nani ana swali?"

Huko Makofini swali hilo halina maana ya swali. Lakini Injinia wa Mito, mwanamke mfupi aitwaye Adelina, akanyoosha mkono. Nasikia hata viti vilishtuka.

"Mtukufu, maji yakishatoka zizini yatakwenda wapi?"

"Yatakwenda kwenye historia," akajibu Mtukufu.

Makofi yakapigwa, marefu kweli kweli. Adelina akangoja yaishe.

"Kabla ya kufika kwenye historia, Mtukufu, yatafika Kwamchanga. Pale bondeni kuna watu."

"Injinia," akasema Mtukufu kwa upole uliowafanya mawaziri wakusanye miguu chini ya viti, "ushujaa usiomgusa mtu ni mazoezi ya viungo."

Makofi tena. Adelina akahamishiwa kituo cha kupima mvua juu ya mlima, na njia ya maji ikatangazwa kuwa siri ya taifa, ili maadui wasije wakaikwepa. Kirobo alilisikia neno Kwamchanga, bondeni kwa mama yake. Aliitazama mikono yake. Ilikuwa bado inapiga makofi.

Jumapili akaenda kumwona mama yake. Alimkuta anapalilia bamia, akaamkia, akaitikiwa, akasimama akijifuta jasho kwa leso.

"Mama, nimekuja kukuchukua. Ukakae kwangu siku mbili tatu, mpaka sherehe za Uhuru zipite."

"Kwako? Kwa huyo mkeo anayenipimia sukari kwa kijiko cha dawa?" Bi Mwanahija hakuacha kulima. "Na kuku wangu atawalinda nani? Na mchicha? Wiki hii ndiyo unaanza kushika, sasa tumepata samadi."

"Samadi gani?"

"Ya serikali. Malori yamemwaga bonde zima tangu juzi. Lo, Masudi, nyie leo mmefanya jambo la maana! Nimewaambia majirani, hii ni kazi ya mwanangu."

Kirobo hakuelewa. Hata hakuaga vizuri. Aliingia kwenye gari akamwambia dereva aende Ranchi mbio.

*

Hapa lazima nimtaje Mkuu wa Mkoa, Bwana Chambuso, na desturi moja ya Makofini. Kwetu haipo, ndiyo maana naieleza. Huko kwao, mgeni rasmi hakanyagi mahali pachafu. Akija kufungua zahanati, zahanati inapakwa rangi ya jana, na dawa zinaazimwa mahali pengine kwa ajili ya kupigwa picha. Akipita njia, mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, na nyasi zinakatwa, na vichaa wanahamishwa wilaya. Bwana Chambuso alikuwa bingwa wa mambo hayo. Alipopata taarifa kwamba mgeni rasmi wa sherehe ya zizi ni Mtukufu mwenyewe, hakungoja aelezwe sherehe yenyewe inahusu nini. Aliwatoa wananchi majumbani kwa majembe na matoroli, akawakesheza wiki nzima.

Kirobo alimkuta mlangoni pa zizi, amevaa suti, anang'aa kwa furaha.

"Karibu sana, Katibu Mkuu! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ingia uone kazi."

Zizi lilikuwa jeupe. Sakafu imesuguliwa kwa sabuni, kuta zimepakwa chokaa, ng'ombe wamekogeshwa na pembe zao zimepakwa rangi za bendera. Hapakuwa na kinyesi hata cha kumpaka nzi. Pembeni palikuwa na meza yenye kitambaa na maua ya plastiki.

"Samadi iko wapi?" Kirobo akauliza kwa sauti ndogo.

"Tumeigawa bondeni kwa wakulima. Mtukufu asione uchafu hata punje!"

Mjinga huyu! Mjinga aliyebarikiwa! Kirobo aliupiga ukuta kofi, na chokaa ikamganda mkononi. Haikuwa hasira. Ilikuwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu alipoacha kufundisha watoto kusoma. Zizi lilikuwa safi. Zizi likiwa safi hakuna cha kuosha, na pasipo na cha kuosha mto wa nini? Mama amepona. Bamia zimepona, kuku wamepona, bonde lote limepona, kwa ujinga wa mtu mmoja tu mwenye suti! Kilichobaki ni kumwambia Mtukufu maneno mawili: zizi safi. Akatoa simu, akapiga Ikulu, na kwa bahati Mtukufu akapokea mwenyewe.

"Kirobo! Umenikuta nimevaa ngozi, niko mbele ya kioo. Nimependeza ajabu. Sema."

"Mtukufu, niko hapa zizini..."

"Mavi yapo?"

Nataka msomaji asimame hapa kidogo amtazame huyu mtu. Amesimama kwenye sakafu unayoweza kulia wali. Ng'ombe wanamtazama na pembe zao za sherehe. Hakuna aliyemshikia bunduki wala aliyemtishia kwa lolote. Alitakiwa aseme hapana, neno ambalo hata mtoto wa miezi anaweza kulisema kwa kutikisa kichwa.

"Yapo, Mtukufu," akasema Kirobo. "Tele."

*

Likatolewa tangazo. Kukutwa na samadi ya serikali shambani ni kosa, na mwenye nayo airudishe ilipotoka. Askari wakashuka bondeni na malori na makoleo. Watu waliificha samadi kana kwamba ni dhahabu, wengine chini ya vitanda, na mzee mmoja alikamatwa akiwa ameijaza kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Iliyopatikana haikutosha, ikabidi iongezwe udongo mwekundu na majani ya chai. Bwana Chambuso, akilia, alisimamia upakaji wa uchafu ukutani. Aliomba angalau inyunyiziwe marashi, na akakubaliwa.

Kwamchanga alikwenda Kirobo mwenyewe. Bi Mwanahija alikuwa amesimama katikati ya tuta la mchicha, jembe mkononi, na askari wawili walikuwa wanamzunguka bila kujua waanzie wapi.

"Masudi," akasema. "Hii samadi nimeletewa na Mkuu wa Mkoa kwa lori. Tukaambiwa tushukuru, tukashukuru. Leo mnaitaka tena. Mna njaa?"

Askari mmoja akacheka, akajikohoza.

"Mama, waache wachukue. Panda garini twende nyumbani."

"Hapa ndipo nyumbani. Kwa nini niondoke?"

"Ni mambo ya serikali, mama."

"Serikali ni nani? Si wewe?" Akalitupa jembe chini, akamsogelea mpaka Kirobo akasikia harufu ya moshi kwenye kanga yake. Alizungumza polepole, kama zamani alipokuwa akimuuliza nani kavunja chungu. "Haya, iache hiyo serikali pale kwenye lori. Niambie kama mwanangu. Kuna nini?"

Maneno yalimfika Kirobo mdomoni. Yalikuwa machache: maji yanakuja, ondoka. Mkuu wa askari akawa anasogea, si kwa kusikiliza, alikuwa anatafuta kivuli tu.

"Hakuna kitu," Kirobo akasema. "Nilipita kukusalimia."

Bi Mwanahija akamtazama toka utosini mpaka kwenye viatu.

"Umenisalimia," akasema. "Nenda."

Njiani Kirobo akajipa moyo. Aliagiza mwenyewe kwamba wakazi wote wa bondeni wapakiwe kwenye malori asubuhi ya sherehe, waje kushangilia. Malori yatampakia na mama, apende asipende, na nyumba itajengwa nyingine. Mbona limekwisha! Alijisifu hata kwa akili yake, mpumbavu yule.

*

Siku ya Uhuru jukwaa lilisimamishwa juu ya kilima kidogo kati ya zizi na bonde, ili Mtukufu aone vizuri kazi ya mikono yake. Jua lilikuwa kali. Mtukufu alikuwa anatokwa jasho ndani ya simba wake, na rungu lake lilikuwa la sponji kwa sababu la mti lilimuumiza bega. Watu wa Kwamchanga walikuwa wamesimama uwanjani, wameshikishwa bendera. Kirobo, aliyekuwa mshereheshaji, akiwa na maikrofoni mkononi, aliwapitia kwa macho mstari kwa mstari. Akarudia. Kisha akamwinamia Chambuso.

"Wazee wako wapi? Mbona sioni wazee?"

"Wazee tumewaacha majumbani," Chambuso akanong'ona, akitaka kusifiwa. "Makofi yao hayasikiki redioni."

Mtukufu alikuwa anahutubia. "Herakle alikuwa na mito miwili! Mimi nina mmoja, na unatosha! Mabeberu walisema Mwafrika hawezi kuosha zizi lake. Leo, mbele ya mbingu na ardhi na Redio Makofini, tunaliosha kwa dakika!" Uwanja ukalipuka. Mtukufu akashika mkasi, akamgeukia mshereheshaji amkaribishe rasmi, maana utaratibu ni utaratibu, hata shujaa hakati kamba bila kukaribishwa.

Kirobo alikuwa na maikrofoni. Spika zilikuwa zinafika mpaka bondeni, alizipima mwenyewe asubuhi. Angesema tu "Mama, panda kilimani," na bonde zima lingesikia.

"Kwa heshima na taadhima," akasema Kirobo, na leso ilikuwa imelowa, "namkaribisha Mtukufu Jabari, Herakle wetu, akate kamba."

Kamba ikakatwa. Mto Mwende ukateremka ukipiga kelele, ukaingia zizini kwa mlango wa mbele, ukatoka na zizi lenyewe. Kuta zilizopakwa samadi zilienda, meza ya maua ikaenda, ng'ombe wakaenda na pembe zao za bendera, na wote wakapita kwa haraka chini ya kilima kuelekea Kwamchanga. Watu uwanjani walikuwa wameanza kupiga makofi kabla hawajaelewa. Walipoelewa wakapiga mayowe, na bendi ikaamriwa ipige kwa nguvu zaidi.

Maji yalijaa bonde, yakazunguka kilima, yakaanza kupita na vitu vya watu: vitanda, mabanda ya kuku, masufuria. Likaja paa la mabati, zima, linaelea upande upande. Juu yake alikuwa amekaa mwanamke mzee, kanga imemganda mwilini. Alipofika karibu na jukwaa aliinua kichwa, akamwona aliyeshika maikrofoni, akainua mkono akaupunga kwa nguvu zake zote.

"Masudi!" aliita. "Masudi, baba! Kamba! Nitupieni kamba!"

Bendi ilikuwa inapiga. Mtukufu akainama, akakinga jua kwa rungu.

"Yule bibi anasemaje?"

Kirobo akafungua mdomo. Ulimi wake ulikuwa umezoea njia moja tu, ukaifuata.

"Anakushangilia, Mtukufu. Wananchi wanatoa shukrani."

Mtukufu akaguswa sana. Akaliweka rungu chini, akasogea mpaka ukingo wa jukwaa, akampungia yule bibi kwa mikono yote miwili, huku mkia wa simba ukining'inia nyuma. Mawaziri wakainuka wakapunga. Mkuu wa Mkoa akapunga. Profesa akapunga. Mtukufu akageuza kichwa kidogo kuangalia nani hapungi.

Kirobo akainua mkono, akapunga.

Bi Mwanahija alimwona. Akaacha kuita, akaushusha mkono wake taratibu, akaurudisha ndani ya kanga, na akageuza uso upande mwingine mpaka maji yalipokata kona nyuma ya kilima.